Hakupenda Kupika, Alipenda Kula

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kusimama nasi kwenye jua hili, anayewasomea ni mdogo wake marehemu, kitindamimba wa nyumba yao, naye anaomba radhi mapema, kwa sababu maneno aliyokabidhiwa jana na kikao cha familia yalikuwa machache, na miongoni mwake yalikuwemo haya, "Marehemu alipenda sana kupika." Hayo hatayasoma, kwa kuwa si kweli, na mtu hafukiwi na uongo juu yake. Dada yetu hakupenda kupika. Dada yetu alipenda kula.

Dada Mkubwa, ambaye wengi wenu mlimwita Mwiko, alizaliwa tarehe 18 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa kwanza kati ya sita, baba akiwa fundi wa mabehewa na mama akishona mashuka nyumbani. Mama alipojifungua mtoto wa nne aliumia mgongo, hakuweza tena kuinama, na tangu hapo binti wa miaka tisa akawekewa kigoda mbele ya jiko, si cha kukalia, bali cha kusimamia, ili mkono ufike kwenye sufuria. Watu wamekuwa wakisema kwamba alizaliwa na kipaji cha jikoni. Hakuzaliwa na kipaji, alizaliwa wa kwanza.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964, ng'ambo ya reli, akaimaliza mwaka 1970 kwa kufaulu kwenda sekondari, wa kwanza kufanya hivyo katika ukoo mzima. Siku matokeo yalipotoka, baba alichinja jogoo kwa heshima yake, majirani wakaalikwa, na yeye mwenye sherehe akamnyonyoa jogoo, akamkata, akampika, akampakua, sahani zikazunguka, na zilipokwisha kuzunguka, kilichobaki kwenye sufuria kilikuwa shingo. Kisa hiki kimesimuliwa katika kila mkusanyiko wa familia yetu, "Mwiko alifaulu mtihani akala shingo!", watu wakishika mbavu, naye akicheka pamoja nao huku akikusanya vyombo. Msomaji anauliza mbele ya jeneza hili, kinachochekesha hapo ni nini?

Alimaliza sekondari mwaka 1974, akakaa nyumbani kulea wadogo zake, na mwezi Juni 1977 akaajiriwa katika kiwanda cha magodoro, idara ya ushonaji, alikofanya kazi mpaka alipostaafu mwaka 2012 akiwa msimamizi wa zamu. Siku yake ya kwanza kazini alirudi nyumbani uso unang'aa, mama akadhani amepandishwa cheo kabla hata ya kukizoea kiti, kumbe ni jambo jingine. "Mama," alisema, "leo nimekaa kwenye benchi, mtu akaniletea sahani, wali na maharage, moto kabisa, akaniambia, kula dada." Alikuwa na miaka ishirini, na hilo lilikuwa halijamtokea tangu alipopanda kile kigoda. Wenzake wa kiwandani, ambao wako hapa na sare zao, wanakumbuka jinsi alivyokula, taratibu, bila haraka, akitenganisha samaki na miiba yake kama anayefumua pindo, akifumba macho kwenye tonge la mwisho, hadi rafiki yake wa mashine ya jirani, tuliyezoea kumwita Bi Sindano, akawa akimtania, "Wewe huli, wewe unasali."

Tarehe 5 Desemba 1981 alifunga ndoa na fundi redio mwenye duka karibu na soko la nguo, mtu mpole, hodari wa kazi yake, ambaye hakujua hata kuchemsha yai, lakini alikuwa na tabia moja ambayo familia hii haikuiga, yaani kabla hajatia mkono wake katika chakula alichukua sahani, akapakua kipande kizuri kuliko vyote, akakifunika, akasema, "Hiki ni cha mwenyewe, asikiguse mtu." Hata hivyo, siku ya harusi yenyewe mume hakuwahi kumfunikia sahani. Mpishi aliyeagizwa alichelewa, shangazi akamfuata bibi harusi kwenye kiti chake cha maua, akamnong'oneza, "Mwanangu, wali unashika chini, hebu njoo mara moja," na hiyo mara moja ikachukua karibu sherehe nzima, bibi harusi kakunja mikono ya gauni, moshi unamwingia kwenye shela, na hotuba za kumsifu zikisomwa mbele ya kiti kitupu. Wapo waliokuwepo ambao bado wanasema kwamba ilipendeza.

Walijaliwa watoto wawili, binti ambaye sasa ni muuguzi, na kijana ambaye ni dereva wa gari la wagonjwa. Mume alifariki mwaka 2006, na kuanzia siku hiyo hakukuwa na sahani iliyofunikwa. Kipaimara cha huyu, mahafali ya yule, kaka kahamia nyumba mpya, mtoto kaota jino, mgeni katoka safari, yote yalifanyika uani kwa Dada Mkubwa, kwa sababu eti uwanja wake ni mkubwa na mkono wake una baraka, na ndugu walipomaliza kula walimsifu jikoni kupitia dirishani, wakaondoka na mabaki.

Sasa msomaji anafika mahali ambapo aliombwa asifike. Mwezi Machi 2017 marehemu alikuwa anatimiza miaka sitini, na binti yake akazungumza na mjomba wake, kaka yetu mhasibu, kwamba sherehe ifanyike kwake, na kwamba mama safari hii asiguse sufuria. Kaka akakubali. Dada yetu alishona gauni la buluu, akasuka nywele, akawa anawaambia majirani, "Jumamosi mimi nimealikwa," akilitamka neno hilo kama peremende. Siku mbili kabla, kaka akapiga simu kusema kwamba wakwe watarajiwa wa mwanawe wanakuja kujitambulisha siku hiyo hiyo, kwa hiyo sherehe mbili zitaunganishwa, na kwa kuwa wageni ni wazito, "Dada, wewe ndiye unayeijua ladha ya nyumbani kwetu, upite tu jikoni kuwaelekeza wasichana."

Alipofika mlangoni kwa kaka, amebeba gauni lake kwenye mfuko, wasichana wa kuelekezwa hawakuwepo, ila palikuwa na zawadi yake, imefungwa kwa karatasi ya kumeta, na ndugu wote wamesimama na simu zao tayari kupiga picha. Akaifungua. Ilikuwa aproni. Imetariziwa kifuani kwa uzi wa dhahabu, "Mpishi Wetu." Mwanamke katimiza miaka sitini, kalea wadogo watano, kazika wazazi, kamzika mume, kafanya kazi miaka thelathini na mitano, na ukoo mzima ukakaa, ukafikiri, ukachanga mawazo, ukaona kinachomfaa ni aproni! Nao wakapiga makofi. Akaivaa, akaingia jikoni.

Akapika kuku, akapika wali, akakaanga samaki, huku upande wa sebuleni watu wakitambulishana, keki ikikatwa kwa ajili ya wachumba, jina lake likiwa limebanwa pembeni kwa sukari iliyobaki. Ndipo wifi yetu, mke wa kaka, akapaza sauti kutoka mezani, "Wifi! Nyama ya wageni mbona inakawia?"

Binti yake, aliyekuwa naye pale jikoni, ndiye shahidi wa yaliyofuata. Dada yetu alizima majiko, moja baada ya jingine. Akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya mfuniko wa sufuria. Akaenda chumba cha nyuma, akatoka na gauni la buluu, akachukua sahani, akajipakulia paja la kuku, samaki mzima na wali, akaenda kukaa katikati ya meza kuu, kati ya kaka mhasibu na baba mkwe, akaanza kula.

"Dada," kaka akasema kwa sauti ya chini, "wageni bado hawajapata."

"Leo mimi ndiye niliyezaliwa," akajibu, bila kuacha kutoa miiba. "Nami ni mgeni. Anayetaka nyama, jikoni ni pale, mlango haufungwi."

 Aliyemjibu ni mama wa bibi harusi mtarajiwa, mgeni mwenyewe tuliyekuwa tukimwogopa, ambaye aliangua kicheko, akajifunga kitambaa kiunoni, akasema, "Basi leo nitapakua mimi, na mwenye siku yake nimwongeze nini?" Naye akamwongeza wali.

Ndugu waombolezaji, mgeni alielewa kwa dakika moja kile ambacho ndugu wa damu walishindwa kukielewa kwa nusu karne. Badala ya kuona aibu ya kwao wenyewe, wakamwona yeye ndiye aibu. Wakasema amebadilika, wakasema uzee unamchanganya, wakasema labda kuna mtu kamlisha kitu. Kaka hakumsemesha mwaka mzima. Harusi ya mwana wa kaka ilipofika, dada alipigiwa simu aje kusimamia jikoni, akajibu, "Nitakuja kula," na kadi ya mwaliko haikuja.

Hakulia, angalau si mbele za watu. Kila Jumapili alijipamba, akamchukua Bi Sindano na binti yake, wakaenda mgahawani, pale pembeni ya duka la dawa, wakakaa karibu na dirisha, akaagiza, akaletewa, akala kikiwa cha moto. Mwenye mgahawa yupo hapa leo, na anaweza kuwaambia kwamba hajawahi kuona mteja anayeshukuru sahani ya viazi na mayai namna ile. Hiyo ndiyo miaka yake mizuri, na familia hii haina sehemu ndani yake.

Mwezi Septemba 2023 alianza kusumbuliwa na tumbo, akapimwa, ikagundulika ni saratani, akafanyiwa upasuaji na matibabu kwa zaidi ya mwaka. Ndugu walikwenda wodini kumwona, na mmoja wao, tumstiri leo, akamwambia kwa upendo kabisa, "Pona haraka dada, jikoni kumepoa." Akamtazama, akasema, "Nendeni mkawashe."

Ni haki pia kusema kwamba mwezi uliopita kaka mhasibu alikwenda peke yake, na bakuli mkononi, ndani yake samaki aliyemkaanga mwenyewe kwa mara ya kwanza maishani. Marehemu wakati huo alikuwa hali ila vijiko viwili vitatu. "Umemuunguza," alisema, akala upande wote usioungua, na kaka akalia. Ni jambo jema, lisomwe, liandikwe. Lakini samaki mmoja hafuti miaka hamsini, na kaka mwenyewe analijua hilo, ndiyo maana ameinamisha kichwa.

Alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, akiwa na miaka sitini na saba, binti yake amemshika mkono. Habari ilipotumwa kwa ndugu, swali la kwanza lililorudi, kabla ya pole, kabla ya kuuliza atazikwa wapi, lilikuwa hili, "Sasa msibani nani atapika?"

Jibu lake ni kwamba wanapika wadogo zake wa kiume, wanapokezana nyuma ya nyumba tangu alfajiri, harufu ya kuungua mnayoisikia ndiyo hiyo, na watakaopakuliwa kwanza, wakiwa wamekaa, ni wanawake wa nyumba hii.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya upasuaji, majirani waliobeba maji na viti, wafanyakazi wenzake wa kiwanda cha magodoro, Bi Sindano ambaye hakumwacha hata siku moja, mwenye mgahawa aliyempelekea supu hospitalini bila kuombwa, na yule mama mkwe aliyejifunga kitambaa kiunoni.

Pumzika kwa amani, Dada Mkubwa, na safari hii asikuinue mtu.