Jino Ambalo Bi. Magdalena Alikataa Kung'oa

Baada ya miaka thelathini na minne ya kutibu meno, Bi. Magdalena Masingisa anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Alianzia Mikumi mwaka 1991, na kwa ufupi wake aling'oa magego akiwa amesimama juu ya kreti la soda. Alipohamia kliniki yetu hapa Kilosa mwaka 2003, kreti lake akaja nalo.

Nilimfahamu hasa mwaka 2012, nikiwa tabibu mpya. Siku moja alikuja Mwalimu Anitha Lukoo kutoka Mamboya, kajishika shavu. Alikuwa ameshang'olewa magego mawili kwingine, na maumivu yalikuwa palepale. Sasa alitaka la tatu litoke. Nami, bila kuuliza zaidi, nikavuta dawa ya ganzi kwenye sindano.

Bi. Magdalena akaniomba nisubiri. Aliweka vidole mbele ya masikio ya mwalimu, akamwambia afungue kinywa taratibu. Taya likaenda upande, likalia ko! Kinywa kilifunguka upana wa kidole kimoja tu.

“Mwalimu, jino hili ni zima. Kinachouma ni kiungo cha taya. Siling'oi.”

Mwalimu alilia kwa hasira. “Nimetoka Mamboya alfajiri, halafu unanirudisha na maumivu yangu?” Akaenda kumshtaki kwa mganga mfawidhi. Hata mimi nilidhani mama kakosea.

Bi. Magdalena hakuyumba. Alimpa dawa ya maumivu, akamwelekeza ale vyakula laini, ajikande kwa kitambaa cha uvuguvugu na afanye mazoezi ya taya. Kila Ijumaa alimpigia kumjulia hali. Wiki ya saba Mwalimu Anitha alirudi, akaingiza vidole vitatu kinywani bila kukunja uso, akacheka mbele ya foleni nzima.

Mimi sikucheka. Jino zima lilinusurika mkononi mwangu kwa dakika moja.

Tangu hapo, hatumtibu mtu kabla ya kumpapasa viungo vya taya, na matibabu yakiwa marefu tunampa nafasi ya kufunga kinywa apumzike. Hakuna waraka uliotuagiza. Tulimwona yeye akifanya.

Bi. Magdalena, asante kwa mikono yako na kwa kutuvumilia. Shamba la Kimamba na wajukuu wakupe furaha, na Mungu akujalie afya tele. Shikamoo, mama. Nenda salama.

Yared Chitemo, kwa niaba ya wenzako wa kliniki