Mwenyekiti Aliyechaguliwa kwa Kutokuwepo

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki, poleni na msiba na asanteni kwa kufika. Familia imenituma mimi, mdogo wa mwisho wa marehemu, nisimame hapa nisome maisha ya dada yetu, na kabla sijaanza iwekwe wazi kwamba jana kamati ya Chama cha Wenye Nyumba Kando ya Ziwa, ambacho dada alikuwa mwenyekiti wake, ilituma mjumbe kuomba historia hii ipelekwe kwao kwanza ipitiwe, na familia ilimkaribisha mjumbe, ikampa chai, ikamrudisha mikono mitupu, kwa sababu kila jambo lina mpaka, na mpaka wa chama ni mlango wa nyumba yenye msiba. Kwa hiyo mtakayoyasikia hayajapitiwa na mtu.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto watano wa fundi mitambo na mshona nguo, na kwa kuwa mama alikuwa kwenye cherehani kutwa nzima, wadogo wanne tulibebwa na dada, tukaogeshwa na dada, tukachapwa na dada, na tulipogombana tulishtakiana kwa dada, ambaye alikuwa na tabia ya kusikiliza upande mmoja mpaka mwisho, kisha upande wa pili mpaka mwisho, kisha kuwanyima wote wawili kile walichogombea. Tabia hiyo ndiyo iliyomponza ukubwani.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958, akaimaliza 1964, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana hadi 1968, ambako alikuwa kiranja wa bweni, wa jikoni na wa maji kwa mpigo mmoja, si kwa sababu alivitaka vyeo hivyo, bali kwa sababu wenzake walijua kuinamisha vichwa wakati wa uchaguzi na yeye hakujua. Mwaka uliofuata alipata mafunzo ya simu, na tarehe 1 Februari 1970 akaajiriwa kuwa mwendeshaji wa swichibodi katika kituo cha simu, chumba kirefu chenye viti vya kuzunguka na ukuta uliojaa matundu na waya, ambamo kwa miaka ishirini na tisa aliunganisha watu waliotaka kuongea na watu ambao mara nyingi hawakutaka kuongea nao. Hakuwahi kupandisha sauti. Wasichana wapya aliwafundisha kwamba anayefoka kwenye simu hakufokei wewe, anamfokea yule ambaye bado hajampata, na wenzake wa wakati ule, tunaowaona wamekaa pale mbele, wanatikisa vichwa kukubali.

Tarehe 6 Septemba 1975 alifunga ndoa na seremala aliyeletwa kutengeneza viti vya chumba hicho, viti ambavyo, kwa maajabu ya Mungu, vilianza kuvunjika kila wiki tangu siku seremala alipomwona dada. Walijaliwa watoto watatu, binti mkubwa ambaye ni muuguzi, kijana wa kati ambaye ni mpima ardhi, na kitinda mimba ambaye anasema kazi yake ni ya kompyuta na sisi tumeacha kuuliza. Shemeji yetu alitutoka mwaka 2011, lakini kabla ya hapo alikuwa amemjengea mkewe nyumba ya vyumba vitatu kando ya ziwa, yenye madirisha makubwa aliyoyachonga mwenyewe na baraza inayotazama maji, wakahamia tarehe 3 Julai 1999, wote wawili wamestaafu, watoto wamekua. Walihamia kule wapumzike. Jamani, wapumzike!

Sasa kwa wageni ambao hawajawahi kuishi kando ya ziwa lile, ieleweke kwamba ziwa ni dogo, nyumba zimelizunguka, na upande wa chini kuna lango la chuma la kutolea maji, linalofunguliwa kwa kuzungusha mpini, na hapo ndipo ugomvi wote ulipozaliwa, kwa sababu wenye boti walitaka maji yawe juu ili boti zisikwaruze chini, na wenye bustani za bondeni walitaka maji yawe chini ili wasivune mchicha wakiwa wamevaa viatu vya mvua, na chama kiliundwa ili pande hizo mbili zielewane. Chama kilisimamia pia barabara ya ndani, gati la pamoja, kung'oa magugu maji na taa za njiani, na lazima tuwe wa haki, kazi hizo zilifanyika, barabara haina mashimo, magugu hayajawahi kuziba lango, na hakuna nyumba iliyoingiliwa na maji hata wakati wa ile mvua kubwa iliyofunika miji mingine. Zilifanyika kwa sababu kulikuwa na mwenyekiti. Uenyekiti ndio hakuna aliyeutaka, maana mwenyekiti ndiye anayelala na ule mpini nyuma ya mlango wa jikoni, na akifungua lango analaumiwa, asipofungua analaumiwa, akifungua nusu analaumiwa na wote.

Wenye nyumba wale, watu wazima wenye akili zao, wamo wahandisi, walimu, hata daktari wa meno, walikuwa na utaratibu wao ambao haujaandikwa popote lakini unaheshimiwa kuliko katiba, kwamba katika mkutano mkuu wa mwaka anayechaguliwa kuwa mwenyekiti ni yule ambaye hakuhudhuria, kwa kuwa asiyekuwepo hana mdomo wa kukataa. Mwezi Agosti 2003 dada alisafiri kwenda kumpokea mjukuu wake wa kwanza, akarudi na begi lake na uchovu wake, akakuta majirani wamejipanga barazani wanapiga makofi, hongera mwenyekiti, hongera mwenyekiti, na yeye akidhani wanampongeza kwa mjukuu akawaambia asanteni sana, nimefurahi mno. Ikawa imepita hiyo.

Alikubali kwa mwaka mmoja. Lakini tangu siku hiyo, kila mkutano wa uchaguzi ulipofika, walihudhuria wote, hakosi mtu, aliyevunjika mguu alibebwa na kiti chake, aliyekuwa ughaibuni alikatiza safari, bwana harusi mmoja alimwacha mkewe hotelini siku ya pili ya fungate akaja kukaa safu ya mbele, na kwa kuwa hakuna aliyekosekana, hakuna aliyechaguliwa, na kwa kuwa hakuna aliyechaguliwa, dada aliendelea. Mikutano mingine ya chama, ile ya kung'oa magugu, walikuja watu sita na mbwa.

Na usumbufu je? Walimpigia simu akila, akioga, akiwa kwenye kaburi la mumewe. Mmoja alilalamika kwamba kuku wa jirani wanamtazama vibaya, mwingine akapiga kusema mawimbi yana kelele, mwenyekiti afanye jambo. Alipochora mstari mwekundu kwenye nguzo ya gati kuonyesha maji yasipite hapo, wenye boti wakauchora tena juu zaidi, wenye bustani wakauchora chini zaidi, wa juu wakapanda tena, wa chini wakashuka tena, mpaka nguzo nzima ikawa nyekundu toka majini hadi kichwani, na kila upande ukaja barazani kushtaki kwamba mwenzake ameharibu mali ya chama. Dada aliwasikiliza upande mmoja mpaka mwisho, kisha wa pili mpaka mwisho, akafungua lango kwa kipimo anachokijua yeye. Sisi wadogo zake tulimwambia, dada, waachie hao lango lao wazame, naye akatujibu kwamba wakizama watakuja kulala kwake.

Aliyemsumbua kuliko wote alikuwa jirani wa tatu, dereva wa basi mstaafu tunayemjua kwa jina la Kapteni, ingawa hajawahi kuongoza chombo chochote cha maji kabla ya kununua ile boti yenye injini inayonguruma mpaka vikombe vinacheza kabatini. Kwa miaka kumi na tisa yeye na dada waligombania injini ile, na hakupita mwezi bila Kapteni kupanda barazani kuwashtaki wengine wote.

Mwaka 2021 dada alianza kuvimba miguu na kuishiwa pumzi, na madaktari wakagundua kwamba moyo umechoka, wakamwagiza aache shughuli na akae karibu na mtu wa kumwangalia. Binti yake mkubwa, yule muuguzi, alimtayarishia chumba nyumbani kwake, chumba cha chini kisicho na ngazi, akapaka rangi, akanunua kitanda cha kuinuka kichwani, akaweka kiti dirishani, na kila alipompigia mama yake kuuliza anakuja lini, jibu lilikuwa lile lile, nikishakabidhi tu, mwanangu. Mwaka 2022 alisimama mbele ya mkutano mkuu, akiwa ameshika meza, akawaomba wamwachie, wakamwambia tumekusikia mwenyekiti, pole sana mwenyekiti, wakatazamana, wakafunga kikao. Mwaka 2023 siku ya mkutano ilimkuta amelazwa, na jamani, wenzangu, mtu aliyelazwa si hayupo? Wakamchagua. Wakamchagua kwa makofi, wakaja wodini na maua kumpa habari, na binti yake akawatoa nje mmoja mmoja akiwauliza kama hata chembe ya aibu hawana, na tunasema hapa mbele yao kwamba alifanya vizuri na tungekuwepo tungemsaidia.

Chumba kile kilikaa kitupu miaka mitatu. Binti alibadilisha mashuka kila wiki, kana kwamba kuna mtu analala.

Mwezi Mei mwaka huu, 2024, dada akiwa amelazwa tena, Kapteni alikwenda hospitali kushtaki habari ya mtu aliyefunga mtumbwi mahali pake, akamkuta amelala na mpira wa hewa puani, miguu imevimba nje ya shuka, akaketi, akakaa na kesi yake mdomoni mpaka wauguzi wakamwambia muda wa kuona wagonjwa umekwisha, akaondoka nayo. Jumamosi ya tarehe 1 Juni aliwalazimisha waitishe mkutano wa dharura wa uchaguzi, na kama kawaida wakajaa ukumbi wote, isipokuwa yeye. Walipochungulia dirishani walimwona amekaa kwenye boti yake hatua chache kutoka gati, injini kimya, mikono kifuani, anawatazama. Wakamwita aingie, akakataa. Wakampungia, wakamtumia mtu mpaka ukingoni amwambie mkutano umeanza, naye akajibu kwa sauti waliyoisikia wote kwamba yeye hayupo, andikeni hayupo, mnangoja nini. Ikabidi wamchague.

Alikwenda mwenyewe kumwambia dada. Dada alicheka mpaka muuguzi akaja mbio, kisha akamshika Kapteni mkono, akamweleza lango lifunguliwe kiasi gani mvua zikianza na yupi ndiye anayehamisha mstari, akamwomba mara mbili asimchoke daktari wa meno, na Kapteni alipoondoka alimgeukia binti yake akasema haya, tufunge begi. Walikubaliana wasafiri Jumatatu ya tarehe 10. Alichagua mwenyewe gauni la safari, akauliza kiti cha dirishani kinatazama nini, akaambiwa kinatazama ukuta wa jirani na mti mmoja, akasema vizuri sana, ukuta hauna lalamiko.

Dada yetu alifariki alfajiri ya Jumapili, tarehe 9 Juni 2024, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, begi likiwa chini ya kitanda. Ameacha watoto watatu, wajukuu saba na wadogo wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi kwa uangalizi wao na kwa kuvumilia wageni wa chama waliokuja na ajenda wodini, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa kituo cha simu, ambao hawakumtembelea hata mara moja kwa ajili ya shida, walikuja kumwona tu. Tunamshukuru Kapteni. Tulimsema vibaya miaka mingi, na leo tunamshukuru.

Na nyinyi wenye nyumba kando ya ziwa, tunawashukuru, kwa sababu dada angetuchapa tusipowashukuru, na tunajua mlimpenda, mmelia kutushinda. Lakini lisemwe mara moja kisha tusilirudie. Kulikuwa na chumba kinamngoja mama huyu, na kilichohitajika ni mmoja wenu, mmoja tu, akose kikao mwaka mmoja mapema, abaki nyumbani na mafua, asahau saa, aseme gari limeharibika. Hamkukosa. Na leo tumewahesabu kwa macho, mmekuja wote.

Dada, tumefika mwisho. Waliokuchagua wako hapa, watoto wako wako hapa, wadogo zako tuko hapa. Lala kwa amani, mwana wa kwanza wa mama yetu, pumzika, na safari hii mtu akikuita, usiinuke.