Uponyaji Nilioushuhudia Kabla Haujaja

Bwana asifiwe, watu wa Mungu! Asifiwe tena! Najua harufu ya pilau imeshafika mpaka viti vya nyuma, lakini nivumilieni. Nilichonacho leo kimenikaa kifuani siku nyingi.

Wengi mnanijua. Mimi ni Mama Wakesho, mtu wa Voi, miaka sitini na mitatu, na nimefanya kazi za nyumbani hapa Dubai tangu nywele zangu zikiwa nyeusi zote. Sasa namtunza mzee mmoja wa Kizanzibari kule Al Baraha, mama mzazi wa madam wangu. Ni Mwislamu, ana miaka themanini na kitu, miguu imemwishia nguvu. Pale nyumbani tunamwita Bi Mkubwa.

Ndugu zangu, mtakumbuka mwaka jana nilisimama hapa hapa nikashuhudia kwamba Mungu amenifungua masikio. Mlipiga vigelegele. Dada mmoja alinifunika leso mabegani. Leo nimekuja kuwaambia kwamba siku ile sikuwa nimepona. Niliwadanganya. Msigune kwanza, ngojeni nimalize.

Sikio langu la kulia lilianza kutoa usaha miaka mingi iliyopita. Linatoa, linakauka, linavimba tena kwa ndani, nameza dawa ya maumivu, maisha yanaendelea. Halafu uzee nao ukaingia lile la kushoto, taratibu tu. Kwanza zilipotea sauti nyembamba, za ndege na za watoto. Kisha ikapotea simu. Binti yangu akinipigia kutoka Voi nasema ndiyo, ndiyo, sawa mama, na sijui nimekubali nini. Kumbe nimekubali mbuzi wangu wawili wachinjwe! Ndani ya metro nilikuwa nahesabu vituo kwa vidole ili nisipitilize hapa Al Qusais.

Sasa nyinyi mnajua desturi yetu. Hapa kwetu mtu hasemi naumwa. Ukisema naumwa unaambiwa usikiri ugonjwa, kiri uponyaji. Basi sikusema. Niliagiza mafuta ya upako kutoka nyumbani, kichupa kidogo, nikawa najidondoshea sikioni asubuhi na jioni kwa imani. Naziba na pamba, nafunga kitambaa juu yake, nahamia viti vya nyuma ili mtu asisikie harufu. Mkagundua. Mkafunga siku tatu kwa ajili yangu, mkanizunguka, mkaniwekea mikono. Nilipofumbua macho niliona nyuso zote zinaningoja, jasho linawatoka. Ningewaambia nini? Niliona aibu kwa niaba yenu na kwa niaba ya Mungu mwenyewe. Nikainua mikono nikasema nasikia.

Hapo ndipo nilipojifunga mwenyewe. Mtu aliyeshuhudia uponyaji ataonekanaje hospitali? Dubai ni kubwa, lakini sisi watu wa Afrika Mashariki tunajuana wote, na dada zetu wengine wanafanya usafi kwenye hizo hospitali. Kadi yangu ya bima ilikaa kwenye droo, mpya, haijaguswa. Tena nilimwogopa madam. Mtunza mzee asiyesikia ni wa kazi gani? Akinikatia visa nitaanzia wapi, kwa umri huu? Nikanyamaza, nikajifunza kusoma midomo.

Siku moja mchana nilikuwa jikoni nakata vitunguu, mlango nimeupa mgongo. Bi Mkubwa nilimwacha ameketi kitandani na tasbihi yake. Nikapika, nikapakua wali, nikapeleka sahani chumbani. Kitanda kitupu. Bi Mkubwa alikuwa sakafuni karibu na mlango wa choo, mguu umekunjika chini yake, midomo inachezacheza. Alikuwa ameniita mpaka sauti ikamkauka. Na mimi niko hatua kumi tu kutoka pale, ndugu zangu, naimba pambio!

Yesu wangu! Nilimnyanyua huku nalia. Mguu haukuvunjika, Mungu ni mwema, ila ulivimba vibaya. Madam alirudi mbio kutoka kazini, akaingia ananiuliza kitu, midomo inakwenda kasi, na kwa mara ya kwanza sikubahatisha jibu. Nilipiga magoti pale pale kwenye zulia. Nikavua kitambaa, nikatoa ile pamba, nikamwonyesha. Nikasema, "Madam, mimi sisikii. Siku nyingi sisikii, nilikuficha." Nikangoja kuambiwa khalas, basi imetosha, kafunge virago.

Sikieni kilichofuata. Bi Mkubwa alinishika kidevu, akanigeuza nimtazame, akasema polepole ili nimsome: "Miye nilijua zamani, bibiye. Ndo maana mbele za watu nakuvuta nguo kwanza, ndo nakwita. Na kila nikisali nakuombea." Kisha akamgeukia binti yake: "Hafukuzwi mtu hapa. Mpeleke kwa daktari."

Ndugu zangu! Huyu ni Mungu wa namna gani? Aibu niliyowaficha nyinyi, watu wa maombi, ilikuwa imebebwa muda wote na mwanamke asiye wa kanisa langu, niliyemwacha sakafuni! Nilikuwa nadhani mimi ndiye ninayemtunza.

Kesho yake madam alinipeleka mwenyewe. Daktari alichungulia, akaingiza mrija mwembamba, akavuta uchafu ambao sitauelezea kwa kuwa mnakwenda kula. Akauliza nimekuwa nikitia nini humo. Nikasema mafuta. Akashika kichwa. Alinieleza kwamba ngoma ya sikio imetoboka, uvimbe sugu umekula kwa ndani miaka na miaka, na mafuta yangu yalikuwa yanauchochea tu. Hakunificha kitu. La kulia halitarudi kama zamani. La kushoto ni uzee, hauna dawa, ila kifaa kipo. Nilitia dawa ya matone wiki kadhaa, nikarudi kusafishwa, usaha ukakatika. Ndipo wakanivisha kifaa sikio la kushoto.

Haleluya! Nilisikia karatasi ikikunjwa! Nilisikia viatu vyangu mwenyewe kwenye korido, nikageuka nione nani ananifuata! Kufika nyumbani, kumbe AC ya chumbani kwangu inanguruma vile, na nimelala chini yake miaka yote! Sambusa nilizotia mafutani zilipiga kelele kama zimechapwa. Nilisimama jikoni nikizisikiliza na kulia mpaka zikaungua.

Ndipo Bi Mkubwa akaita. Mlango wa chumba chake umerudishwa, sauti yenyewe ndogo, ya mzee. "Mama Wakesho!" Nikaitika, "Abee!" Akaita tena, nikaitika tena. Akaita mara ya tatu, na hana shida yoyote. Nilipomfikia nilimkuta anacheka, machozi yanamtiririka mpaka shingoni.

Namshukuru Mungu wangu. Namshukuru madam, namshukuru Bi Mkubwa na yule daktari. Na nyinyi mliokaa na njaa siku tatu kwa ajili yangu, nisameheni. Maombi yenu hayakwenda bure. Mimi ndiye niliyekimbilia kumjibia Mungu kabla hajajibu mwenyewe.

Kama yuko hapa ambaye alishuhudia kitu na bado hajakipata, sukari bado iko juu, uvimbe bado uko chini ya nguo, mimi simsuti. Nitamsuta kwa uso gani? Ninachomwomba ni amwamini Mungu kiasi cha kusema ukweli. Tukimaliza hapa, chukua sahani yako ya pilau uje ukae na mimi, uninong'oneze. Kaa upande wa kushoto tu, tafadhali. Nitakusikia.