Policarpo Ccahuantico Aweka Nyundo Chini

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana ya fedha ya makumbusho yetu hapa Kusko, Mzee Policarpo Ccahuantico anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Masikio yetu sasa yatapumzika.

Alitokea mtaa wa San Blas, alikokuwa akiwafulia watalii hereni. Kwetu alipewa kazi ya kufua upya, kwa mbinu za kale, aquilla, yaani vikombe vya fedha ambavyo wazee wetu walinywea chicha, pombe yetu ya mahindi, kabla Wahispania hawajafika. Bamba moja la fedha, nyundo na moto, basi, hakuna kuungaunga. Vile vyenye sura ya mtu alivipa pua kubwa kupita kiasi. Alipoulizwa, alijibu, "Pua ndiyo mpini. Mlevi atashika wapi?"

Vikombe vyake vimo katika ukumbi wa pili, na wageni huvidhani vya kale mpaka wasome kibao. Mafundi aliowafunza wana karakana zao leo, na wote wamerithi ile pua.

Aquilla hufuliwa viwili viwili: kimoja chako, kingine cha mgeni wako. Kunywa peke yako ni uchoyo. Hapo ndipo penye kisa. Miaka tisa iliyopita Mzee Policarpo na Nicanor Tupayachi, mwenzake aliyesimamia moto, walikuwa wakimalizia jozi kubwa ya sikukuu ya Corpus, kikombe kimoja kikapasuka mdomoni. Fedha ikipigwa sana hukakamaa, na isiporudishwa motoni hupasuka. Nicanor alisema imepigwa baridi. Policarpo alisema moto ulikuwa wa kivivu. Tangu siku hiyo hawakunywa pamoja wala kusemezana. Meza yangu iko kati ya meza zao, basi nikageuzwa posta.

"Domitila, mwambie huyo anipe koleo."

"Domitila, mwambie huyo koleo analo mkononi."

Jamani, nilichoka!

Jumatatu wiki hii Policarpo alikiteremsha kile kikombe kilichopasuka kutoka rafuni, akakiyeyusha. Kufika Alhamisi, fedha yake ilikuwa imetoa vikombe viwili vidogo. Akavijaza chicha, akaweka kimoja mbele ya Nicanor, kisha akanigeukia mimi.

"Domitila, mwambie huyo nilikipiga baridi. Nilijua siku ileile."

Nilishajiandaa kupeleka jibu, kama kawaida yangu.

"Poli," Nicanor akasema, mwenyewe, kwa kinywa chake, "hata moto wangu ulikuwa mdogo."

Akaimwagia ardhi kidogo, kama ilivyo ada yetu, akanywa chote. Nilitoka nje kufuta macho, nikasingizia moshi.

Mzee Policarpo, ahsante kwa kazi yako na kwa kelele zako. Uendako Urubamba tunakuombea afya, mahindi yenye kuzaa, na kikombe cha pili kisikose mnywaji. Nicanor anasema Jumapili atakuja huko. Zamu ya kumimina ni yake.

Domitila Huallpa,
Karakana ya Fedha