Zebedayo Shekiondo, Aliyekataa Kuiaga Timu ya Ngamiani

Mchungaji wetu, wazee, ndugu wa mlimani mlioshuka Mombo na kupanda treni ya jana, majirani wa Ngamiani wa dini zote, familia inawashukuru kwa kukaa nasi juani, na inawaomba masikio kwa muda mfupi, ili mjue ni nani tunayemzika leo, Jumatano tarehe 4 Februari 1959. Marehemu alikuwa mtu wa kusema jambo kama lilivyo, na historia yake, inayosomwa na mimi mdogo wake Timotheo, imeandikwa na familia kwa namna hiyo hiyo, kwa hiyo atakayechomwa na neno atuvumilie, maana yeye mwenyewe hakuwa na desturi ya kuomba radhi kwa maneno ya kweli.

Zebedayo Shekiondo alizaliwa Mlalo, katika milima ya Usambara, tarehe 14 Machi 1899, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Manase Shekiondo, mkulima, na mama Elizabeti, na akabatizwa mwaka huo huo katika kanisa la misheni. Alisoma shule ya misheni hapo hapo Mlalo kuanzia mwaka 1907 hadi 1912, akajua kusoma, kuandika, hesabu na nyimbo, kisha akawekwa chini ya fundi seremala wa misheni, na hapo ndipo alipopata randa, msumeno na ule ukali wa macho uliomfanya asivumilie kitu kilichopinda, kiwe mbao au mwanadamu.

Tarehe 2 Mei 1921 aliteremka Tanga na kuandikwa kazi katika karakana ya reli, akatengeneza viti na milango ya mabehewa kwa miaka thelathini na mitatu, hadi alipostaafu mwezi wa Aprili 1954, na wenzake wa karakana waliopo hapa watashuhudia kwamba hakuwahi kurudishiwa kazi hata mara moja. Alifunga ndoa na Yudith, binti wa Bumbuli, siku ya Jumamosi tarehe 26 Julai 1924, hapa hapa Tanga, wakajenga nyumba Barabara ya Kumi na Tatu, na Mungu akawapa watoto watatu, Elizabeti aliyezaliwa mwaka 1925, Samweli aliyezaliwa mwaka 1927 akafariki kabla ya kutimiza mwaka, na Noa, aliyezaliwa tarehe 9 Juni 1930.

Sasa tunafika kwenye mpira, na hakuna mtu wa Ngamiani anayeweza kusikia habari za marehemu bila mpira. Mwaka 1938 vijana wa mtaa walipounda timu ya Tai wa Ngamiani, yeye hakuwa mchezaji, miguu yake ilikuwa ya kupanda milima tu, lakini aliagiza mbao za mvule kutoka misitu ya chini ya Amani, na kwa muda wa mwaka mzima, kila Jumamosi baada ya kazi, akatengeneza mabenchi arobaini ya uwanjani kwa mkono wake, bila ujira. Kwenye mabenchi hayo walikaa Wadigo, Wabondei, Wasambaa, Waarabu, watu wa mashamba ya mkonge, wote bega kwa bega, na kwa miaka kumi na saba Jumapili ya Ngamiani ilikuwa na ibada asubuhi na Tai jioni.

Mwaka 1951 timu ilichukuliwa na Bwana Harub bin Marhun, mfanyabiashara wa Raskazone, akaanza kuwalipa wachezaji mishahara, jambo ambalo wengi walilisifu, na marehemu naye alilisifu, hasa kwa kuwa golikipa wa timu alikuwa mwanawe Noa. Mwaka 1953 Tai walichukua kombe la jimbo, na siku hiyo Mzee Zebedayo, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheza ngoma, alionekana akizunguka uwanja ameinua randa yake juu, ameivisha kofia.

Halafu, Jumapili tarehe 6 Machi 1955, watu waliotoka kanisani wakipita nyumba ya klabu walikuta kikaratasi mlangoni, kimepigwa taipu, hakina hata salamu, kinasema kwamba kuanzia mwezi unaofuata timu itakuwa Mombasa na itaitwa Tai wa Mombasa. Alasiri hiyo watu walijaa hadi barabarani, Bwana Harub akaja na motokaa yake, akasimama kwenye kibaraza akaeleza kwamba Mombasa kuna uwanja mkubwa na watu wengi, akamaliza kwa kusema, "Timu ni biashara, na biashara hufuata watu."

Marehemu alikuwa amesimama mstari wa mbele, akavua kofia kwa adabu, akamwuliza, "Kumbe sisi hapa ni nini, Bwana Harub, minazi?"

Watu walicheka kicheko ambacho Bwana Harub hakukipenda, na shangazi yake mwenyewe, Bi Muzna, ambaye hakukosa mchezo hata mmoja tangu mwaka 1938 na alikuwa na nafasi yake kwenye benchi la tatu, alisema kwa sauti ya kusikika, "Mtoto wa ndugu yangu, umetuuza kama kopra, na kopra huwa inapimwa kwanza."

Wapo waliotaka kupiga mawe motokaa, na wapo waliotaka kwenda kulia kwa Bwana Diisii, mkuu wa wilaya, lakini marehemu aliwaambia kwamba mtu hupigwa mawe akiwa na thamani, na huliliwa akiwa amekufa, na hawa hawakuwa hivi wala vile. Ushauri wake ulikuwa mmoja tu, kwamba siku ya kuondoka asiwepo wa kuwaaga, wala wa kuwatukana, wala wa kuwatazama.

Nyumbani kwake jambo halikuwa jepesi hivyo. Noa alikuja jioni ya Ijumaa tarehe 25 Machi, akakaa na baba yake ukumbini, akasema, "Baba, nimetia sahihi, na mke wangu ana mimba, nikibaki nitadaka nini hapa, maembe?" Mzee akamjibu, "Nenda. Lakini ukivuka mpaka wa Horohoro na jezi hiyo, usiniandikie." Mama Yudith alimfungia mwanawe mikate na samaki wa kukaanga, akamsindikiza hadi pembeni ya barabara, na mumewe hakutoka ukumbini.

Asubuhi ya Jumamosi tarehe 26 Machi lori lilikuja kuchukua mali ya klabu, na mabenchi yakahesabiwa kuwa mali ya klabu. Watu walidhani mzee atalala mbele ya magurudumu, lakini yeye alikuja na bisibisi yake, akayafungua mwenyewe moja baada ya jingine ili wasije wakayavunja kwa ujinga, akawakabidhi wapakiaji, na waombolezaji watusamehe, maneno yake yalikuwa haya, "Mabenchi chukueni. Makalio ya watu wa Ngamiani mtayapata wapi?"

Wakati huo jirani yake Mwamvua, mjane, aliyekuwa na bendera nyekundu ya Tai ukutani kwake, aliiteremsha, akaikunja mara mbili, akaitandika kizingitini kuwa ya kupangusia miguu. Wa pili akaona, akatoa fulana ya mumewe, na wa tatu, na wa nne, hata lori lilipopita kutoka uwanjani likielekea barabara ya Mombasa, wachezaji wakiwa wamesimama juu wakitazamia kupungiwa mikono, waliona vitambaa vyekundu vimelala mbele ya kila mlango, na watu wamewapa migongo, huyu anachota maji, yule anacheza bao, mwingine anamnyoa mwenzake, kana kwamba linapita gari la taka. Jumbe, mwuza nyama, ambaye alikuwa mpiga zumari wa timu, aliulizwa na mgeni mmoja hilo lori ni la nani, akajibu bila kugeuka, "La watu fulani, wamehama, sikupata majina yao."

Miaka miwili ilipita, na marehemu hakulitaja jina la timu hiyo, wala hakumruhusu mtu kulitaja mbele yake, na mwanawe alikuwa akimletea mama yake salamu kwa watu wa mabasi, salamu ambazo mzee alizisikia akiwa ndani na kujifanya ananoa shoka. Familia haitaficha kwamba ukali huu ulimwumiza mama Yudith kuliko ulivyomwumiza Bwana Harub, na kwamba mjukuu alizaliwa Mombasa, akatambaa, akasimama, bila babu yake kumwona.

Jumapili tarehe 18 Agosti 1957 timu ile ilirudi Tanga kucheza na makarani wa bandari. Bwana Harub alibandika matangazo mji mzima, kwa sababu Mombasa walikuwa hawawajali, wakiwaita watu wa kuja, na sasa alitegemea machozi ya Ngamiani yamjazie uwanja. Saa kumi ya alasiri ndani ya uwanja kulikuwa na polisi wawili, wakata tiketi watatu, na mbuzi wa mtu. Bi Muzna alikuwa ametoa kiti chake, akakiweka nje, karibu na lango, ili yeyote atakayetaka kuingia ampitie kwanza na kumwamkia, na Bwana Harub alipotoka kumwita, mazungumzo yao yalisikika na watu waliokuwa ng'ambo ya barabara.

"Shikamoo shangazi, ingia ndani, kiti kipo."

"Marahaba. Hapa nimeshakaa, nawatazama watu wako."

"Watu gani, shangazi?"

"Ndio hao nami nawatafuta."

Lakini mtu mmoja alikuja. Mama Yudith alikuwa amevaa khanga zake za kanisani, amemwambia mumewe mchana, "Wewe susa, mimi nakwenda kumwona mwanangu," na mzee, aliyepanga mgomo wote ule, akavaa viatu, akamfuata nyuma hatua kumi hadi ng'ambo ya uwanja, akasimama hapo ameelekea ukuta. Bi Muzna alimwona mama Yudith anasita langoni, akavuta miguu yake kando akamwambia, "Pita, mama, wewe huendi mpirani, unakwenda kwa mtoto." Akapita, akakaa peke yake juu ya nyasi, katika uwanja mzima, dakika zote tisini.

Alipotoka, mumewe alikuwa bado pale ukutani, wakaanza kutembea pamoja, na walipofika Barabara ya Kumi ndipo mzee alipouliza, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, "Kafungwa mangapi?"

"Hakufungwa."

"Basi kadaka bure, hakuna aliyemwona."

"Nimemwona mimi," akasema mama Yudith, na majirani waliokuwa vibarazani walimwona mzee akichukua mfuko wa mkewe akaubeba mwenyewe.

Timu ile ilikufa Mombasa mwezi wa Julai 1958. Haikuwa na matanga wala haikusomewa historia, jezi zake zilionekana zikivaliwa na wapakuzi wa makaa, na Bwana Harub akaingia katika biashara ya barafu. Wachezaji walirudi mmoja mmoja kwa basi, wakishuka mwanzo wa mji ili wasionekane, na Ngamiani haikuwacheka, maana kucheka nako ni kumjali mtu.

Marehemu alikuwa ameanza kuugua kifua tangu mwaka 1956, ugonjwa ambao daktari aliuhusisha na vumbi la mbao la miaka mingi, na kufikia mwisho wa mwaka jana alikuwa hawezi kutembea hadi kanisani. Jumamosi tarehe 8 Novemba 1958, saa tano asubuhi, akiwa amelala ukumbini, mtu alibisha hodi.

"Shikamoo baba."

"Nani?"

"Mimi Noa."

"Noa wa wapi?"

Mama Yudith alikuwa jikoni, anasema alishika mwiko asiweze kuugeuza, na mlangoni alikuwapo mwanamume wa miaka ishirini na minane, mkewe nyuma yake, na mtoto begani.

"Wa Ngamiani, baba."

"Marahaba. Ingia, na huyo mtoto mlete hapa nimwone uso."

Kuanzia siku hiyo Noa ndiye aliyemwogesha, aliyemlisha na aliyemgeuza kitandani, na baba yake hakumwomba msamaha wala hakutaka kuombwa, ila alimtaka amsimulie mchezo wa tarehe 18 Agosti, tangu mpira wa kwanza hadi wa mwisho, akausikiliza siku tatu mfululizo kwa sababu pumzi ilikuwa ikimkatika, na kila Noa aliposema alitoka golini, mzee alimwuliza alitoka kwa mguu upi. Tarehe 20 Januari 1959 alipelekwa hospitali ya serikali, akatibiwa kwa wiki mbili, na jana, Jumanne tarehe 3 Februari, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akafariki dunia, mkewe na watoto wake wawili wakiwa kando yake, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa. Ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watano.

Familia inamshukuru daktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, ambao marehemu aliwasumbua kwa kuwaambia vitanda vyao vimepinda, inawashukuru wenzake wa karakana ya reli waliochonga jeneza, inamshukuru Mwamvua na majirani wote wa Barabara ya Kumi na Tatu waliopika na kuteka maji, na Bi Muzna, aliyekuja na sufuria zake na hajaondoka tangu jana. Kuna shada la maua limeletwa kutoka kwa Bwana Harub bin Marhun, pamoja na ombi kwamba apewe nafasi ya kusema maneno machache hapa kaburini kwa niaba ya klabu. Shada tumelipokea. Klabu hatuijui. Na Bwana Harub mwenyewe, ambaye tunamwona kule nyuma amesimama karibu na motokaa yake, tunamwambia msiba hauna hasira, asogee, viti vimekwisha, akae jamvini pamoja na watu.

Zebedayo, mwana wa Manase, fundi wa Ngamiani, kazi umeimaliza na haikurudishwa. Lala salama, kaka, na upumzike kwa amani.