Kinyozi na Picha za Kujazia

Kijiwe chetu ni benchi moja na birika la kahawa, nje ya saluni ya Kinyozi. Ni hapo Kinyozi alipotuigizia jinsi mkewe anavyokoroma, tukacheka mpaka machozi. Nasi midomo yetu haina breki, mtaa mzima ukapata habari. Mkewe akafunga virago, akahamia kwa dada yake, na simu hapokei. Jana Kinyozi akajirekodi video ya kumwomba arudi. Kabla ya kuituma akatuonyesha. Masikini, mwanzo mwisho ni paji la uso na ukuta.

– Haivutii hii, akasema Mpiga Picha, ambaye kazi yake ni kurekodi harusi. Inataka picha za kujazia. Wewe unaongea, mtu anaona vitu vingine.

– Vitu gani?

– Ukitaja mapenzi, tunakuondoa wewe, tunaweka maua.

– Maua tu? akadakia Profesa, muuza vocha asiyekosa la kusema. Weka maporomoko ya maji! Mwanamke akiona maji analainika.

– Mke wangu anaogopa maji.

– Si ndiyo atakukimbilia wewe!

– Tupia na simba, nikachomekea. Ajue huko nje kuna hatari.

Mpiga Picha alikuwa ameshainamia simu, anabofya.

– Hapa mwisho unaposema samahani umepooza, Kinyozi. Sauti inatetemeka. Naweka ndege inapaa.

– Ndege? Kaenda mtaa wa pili tu!

– Ndege inaamsha hisia, bwana. Wewe kanyoe watu.

– Na muungurumo wa ndege uachie wote, Profesa akaagiza.

Tukaitazama, tukairudia, tukapongezana. Hata Kinyozi akaanza kutabasamu. Mara akatokea shemeji yake, mdogo wa mkewe, ametumwa kuchukua nguo za dada yake zilizobaki. Zote. Kinyozi akamwekea simu mkononi hata salamu hazijaisha.

Binti akatazama maua, maji, simba. Hakucheka. Ilipopita ndege akarudisha nyuma, akaiweka simu sikioni, akasikiliza tena.

– Shemeji, hapa ndege inaponguruma, ulikuwa unasema nini?

Mpiga Picha akamtazama Profesa. Profesa akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Kinyozi, maana neno lenyewe lilikuwa lake. Akafungua mdomo, akaona tulivyomkodolea macho, akaufunga. Niliona aibu, nikajifanya napuliza kahawa iliyokwisha poa.

– Haya, akasema binti. Basi nipe nguo.