Zawadi Anapunguza Gari

Ukitoka mjini Morogoro kuelekea Bigwa, kabla barabara haijaanza kupanda, kuna kibanda cha kuziba pancha, na ubavuni mwake benchi refu ambalo mbao zake zimelainishwa na makalio ya miaka mingi. Hapo ndipo Kijiwe cha Pumzi. Wakaaji wake wanasema jina lilitokana na pampu ya upepo ya fundi pancha. Wanawake wa mtaani wanasema lilitokana na upepo unaotoka vinywani mwao. Baada ya swala ya alasiri Issa huja na birika lake la kahawa na sinia la kashata, na kuanzia hapo hakuna jambo la dunia lisilopata ufumbuzi. Siku hiyo Abasi hakutamani kwenda. Lakini alijua kwamba asipokwenda, hilo nalo litakuwa jibu. Akaenda, akakaa pembeni kabisa, akapokea kikombe.

— Abasi, jana shemeji katoa nini?

Aliyeuliza ni Maneno, ambaye kwa kufikisha habari haraka kuliko simu walimwita Redio.

— Kapeti, — alijibu Abasi.

— Juzi?

— AC.

— Na kabla ya hapo tairi la akiba. — Redio aliwageukia wenzake. — Mnaona, washikaji? Watu wakinunua mchuma wanaongeza. Muziki, taa za rangi, maandishi kioo cha nyuma. Mke wa mwenzetu kila akitoka shule anapunguza. Wahenga walishasema, mchuma janga hula na wa kwao.

— Methali hiyo haihusu magari, — alisema mzee Amosi. — Mchuma ni mtu anayechuma.

— Na shemeji si anachuma? Kachuma kapeti, kachuma AC.

Zawadi, mke wa Abasi, alikuwa mwalimu wa hesabu sekondari. Mwezi uliopita alikwenda Dar es Salaam na basi, akarudi anaendesha Mazda nyekundu ya zamani, ya viti viwili tu, paa la turubai, fupi kiasi kwamba mbuzi wa jirani waliitazama usawa wa macho. Fedha zilikuwa zake, za akiba ya muda mrefu, na Abasi aliyejua habari za akiba hiyo alitegemea kiwanja, au basi angalau gari la kumsaidia kushusha mdalasini na pilipili manga anazonunua Kinole, kule milimani. Siku gari lilipoingia uani aliuliza swali moja: “Hili litabeba nini?” Zawadi alimtazama, akasema, “Tutaona,” akafungua boneti. Tangu hapo Abasi hakuuliza tena, na mkewe hakusema.

— Mimi naona katapeliwa, — alisema mzee Amosi. Alistaafu halmashauri, idara ya barabara, na ingawa hakuwahi kuwa mkubwa wa mtu yeyote, kijiwe kizima kilimwita Kamishna. — Gari lile halikuwa dogo hivyo. Hizi meli zinakaa baharini muda mrefu, joto, chumvi. Chuma kinanywea.

— Kamishna, gari linanywea?

— Dagaa akikaushwa anabaki vilevile?

Issa alimimina kahawa.

— Mimi kinachonitisha ni macho, — alisema Issa taratibu. — Taa zake mchana zimefumba, usiku zinafumbuka. Kitu chenye kope si gari hicho. Mwanzo nilidhani naona vibaya. Nimesimama pale getini nikakiangalia, na chenyewe kikaniangalia.

— Gari za michezo za zamani ndivyo zilivyo, taa zinajificha kwenye boneti, — Abasi alijaribu.

— Michezo ipi?

— Basi tu. Ni mradi.

— Mradi wa nini?

— Wa gari.

Redio alicheka, kisha akasogea karibu kama mtu aliyeficha turufu ya mwisho.

— Na mizani yako je? Ile ya kupimia mdalasini. Nimepita pale nje jana, nimemwona shemeji kaweka kiti kwenye mizani. Kiti cha gari. Anasoma, anaandika.

Wote wakamgeukia Abasi. Ni kweli, Zawadi aliazima mizani. Kila alichokitoa alikipima, na usiku mezani alijumlisha kwa furaha ambayo Abasi hakuwa ameiona usoni pake tangu wahame nyumba ya kupanga.

— Anapima alichotoa, — alisema.

— Si ndio chuma chakavu, auze kwa kilo, — alisema Redio. — Haba na haba hujaza kibaba.

— Hapana. — Kamishna aliinua kidole. — Fikirini kwa utulivu. Gari ukilitoa tairi la akiba, kapeti, viti, na paa lenyewe linafunguka. Ukaendelea kupunguza uzito, ukaendelea. Mwisho wake ni nini?

Alipiga funda la kahawa kabla ya kujijibu.

— Litaruka. Mwalimu wa hesabu yule. Anaunda ndege. Usione vyaelea, vimeundwa.

— Hiyo nayo ni ya vyombo vya majini, — alisema Issa.

— Angani na majini ni kuelea kulekule.

Walicheka, na Abasi akacheka nao ili asibaki peke yake. Lakini Kamishna hakuwa amemaliza. Alishusha sauti, na safari hii hakuwa na utani.

— Ila tukiacha masihara, mwanangu. Mtu anayepunguza mizigo, mara nyingi anajiandaa na safari.

Neno hilo lilimwingia Abasi mahali pabaya. Kulikuwa na jambo ambalo hakuwaambia. Jumapili asubuhi, akitoka kunawa, alimkuta Zawadi amekaa ndani ya gari lililozimwa, mikono kwenye usukani, macho mbele, midomo inacheza kama anayezungumza na kiti kitupu cha kando yake. Alisimama nyuma ya tangi la maji mpaka mkewe aliposhuka. Mke na mume wameishi vizuri, mtoto yuko bweni, hakuna ugomvi unaojulikana. Sasa mtu anazungumza na nani?

Bodaboda ilisimama mbele ya benchi. Akashuka binti mwenye begi mgongoni, mmoja wa wanachuo wanaotoka mikoa ya mbali, akavua helmeti.

— Shikamooni.

— Marahaba, — waliitikia.

— Naitwa Witness. Samahani, naulizia kwa mwalimu Zawadi, mwenye Mazda nyekundu.

Redio alikaa sawa. — Una shida gani naye, binti yetu?

— Nataka kujua kama kiti cha kushoto kimeshapata mtu.

— Kiti cha kushoto?

— Cha kwenye gari la mashindano. — Witness aliwatazama mmoja mmoja, akaona hawajui. — Si ataingia mashindano ya kupanda mlima, njia ya Kinole? Tuko naye kwenye kundi la wapenda magari. Wengine wote wanahangaika na injini kubwa. Yeye anasema gari likiwa jepesi halihitaji injini kubwa. Ukipunguza kilo moja, umepata nafuu kwenye mwendo, kwenye breki na kwenye kona. Kuongeza nguvu kutakuja mwishoni kabisa, baada ya springi na breki.

— Kwa hiyo kapeti... — alianza Kamishna.

— Kapeti ni uzito, babu.

— Na kiti?

— Kaweka chepesi. Dereva anakaa kulia, kushoto anakaa msoma njia. Huyo anamwambia kona inayokuja ikoje kabla haijaonekana. Mwalimu anafanya mazoezi peke yake, anazitaja kona kwa mdomo, lakini peke yako huwezi. Mimi nilimwomba nafasi. Akaniambia nisubiri, kuna mtu mmoja anaijua ile barabara kona kwa kona, na anamngoja aombe mwenyewe. Asipoomba mpaka leo, nije. — Alihamisha helmeti mkono wa pili. — Sasa nauliza tu, yule mtu ameshaomba?

Redio alijaza kashata mdomoni. Kamishna akaangalia barabara kana kwamba imemwita. Issa aliinamisha birika juu ya kikombe cha Abasi, na lilitoa matone mawili na mashapo.

Abasi alisimama.

— Nifuate, — alisema. — Nitakupeleka.

Walitembea hadi kwenye kona ya msikiti.

— Kumbe wewe ni jirani yake?

— Nakaa palepale, — alisema Abasi.

Walimkuta Zawadi yuko chini ya gari, miguu tu nje, suruali ya kazi imejaa vumbi. Abasi alimwomba Witness asubiri getini. Akachuchumaa karibu na gurudumu. Kitu alichopanga kusema njiani kilikuwa kirefu na chenye heshima zake, hakikutoka.

— Naomba kiti, — alisema.

Spana iliacha kulia. Zawadi akajivuta nje, uso una mstari wa grisi.

— Kiti gani?

— Cha kushoto. Kwa nini hukuniambia?

Zawadi alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

— Siku ile uliniuliza litabeba nini, nikaona aibu. Mtu mzima, mwalimu, anataka kushindana na vijana kupanda mlima. Nikasema ngoja kwanza lifanane na kitu, halafu ataona mwenyewe, atauliza. Hukuuliza. Unakwenda kijiweni, unarudi umenuna.

— Nilidhani unaondoka.

Zawadi alikunja kitambaa. Hakucheka, na kwa hilo Abasi alimshukuru moyoni.

— Njoo ukae, — alisema mkewe. — Tuone magoti yatafika wapi.

Magoti yalifika kwenye dashibodi. Zawadi akamwita Witness, akamwambia ukweli mbele ya mumewe: nafasi imeombwa, lakini kuomba si kuweza. Jumamosi watajaribu wote wawili.

Jumamosi kulinyesha manyunyu tangu walipopita Mkuyuni, kwenye njia ya Kinole. Turubai lilibaki nyumbani kwa ajili ya uzito, kwa hiyo walilowa. Witness, aliyewafuata kwa bodaboda, alianza, akasoma alichoandika, kulia, kushoto, kali, ndefu, kwa sauti safi kama ya mtangazaji. Zamu ya Abasi ilipofika, kona zote alizozijua kwa pikipiki na magunia zilimjia na majina ya wenyewe.

— Kwa mama Yuliana, — alisema.

— Kulia au kushoto?

— Kwa mama Yuliana, ile ya mgomba.

— Abasi, mimi simjui mama Yuliana.

Waliipita vibaya, tairi la nyuma likachota tope. Kona ya tatu akafumba macho. Ya tano aliomba gari lisimame, akatapika ukingoni, huku wanakijiji wawili waliobeba mananasi wakimpa pole. Zawadi alizima injini, akangoja. Kule chini Witness alikuwa na saa mkononi, na wote watatu walijua kiti kinakoelekea.

Abasi alisukutua kwa maji ya chupa. Akaitazama barabara inavyopanda na kupotea kwenye mikarafuu, mahali ambapo mtu mwingine yeyote angeona ukungu tu. Akarudi, akakunja magoti, akafunga mkanda.

— Turudi chini? — aliuliza Zawadi.

— Washa. — Alikohoa. — Inakuja kushoto, ndefu. Juu yake kuna mfereji unavuka barabara, kwa hiyo shika kulia. Halafu kulia kali, inajifunga mwishoni. Utaona kama barabara imekwisha. Haijaisha. Usikanyage breki mpaka nikwambie.

Zawadi alimgeukia, maji yanamtiririka kwenye nyusi.

— Mpaka uniambie, — alisema, akawasha injini, akaingiza gia.